Mapango ya Meru na Embu: Tuyatangaze au Tuyafiche?

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, kumezuka mashindano ya kimya kimya. Kila kaunti yataka orodha ya vivutio vyake: maporomoko ya maji, vilima, maziwa, miti ya miaka mingi, na sasa mapango. Orodha hizo hupigwa chapa kwenye karatasi za rangi au hutiwa katika simu, na kila mahali pakawekwa alama kwenye ramani, hata mgeni asiyemjua mtu aweza kufika bila ya kuuliza njia. Wengi wetu tumeliona jambo hili kuwa ni jema tu. Mimi nina shaka nalo, na shaka yangu hasa ni juu ya mapango ya Meru na Embu, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ambayo mengi yake hayajapata kuandikwa mahali popote.

Huenda, ndugu msomaji, ukaniuliza: mapango ya Wameru na Waembu yatuhusu nini sisi watu wa Pwani? Yatuhusu. Kwanza kuna maji. Mito ya Kathita, Mutonga, Thuci na Ena huteremka kutoka huko ikaingia mto Tana, na Tana ndio unaomwaga maji yake Kipini. Mpunga wa Ozi hunyweshwa na mvua ya Meru. Pili kuna historia. Wameru husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa, walikokuwa wakitumikishwa na watu waitwao Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, mpaka usiku mmoja wakatoroka na kuvuka maji. Wako wanahistoria wanaoona kwamba Mbwaa hiyo ni Manda, pale mbele ya Lamu. Ikiwa ndivyo, basi hao Nguo Nyekundu, wasipokuwa babu zetu, watakuwa walikuwa majirani wa babu zetu, na haitupendezi kujifanya hatuwajui jamaa hawa.

Mapango yenyewe si kama yetu. Ya kwetu, kama Shimoni au Mangapwani, yamo katika jiwe la matumbawe, jiwe la chokaa ambalo maji hulila polepole mpaka likabaki tundu. Mlima Kenya ni mlima uliotapika moto zamani sana, na miamba yake ni migumu. Pango la huko mara nyingi ni mwamba ulioinama juu ya mto, au uwazi nyuma ya maporomoko, au nafasi baina ya mawe makubwa yaliyoangukiana msituni. Mtu aweza kupita hatua kumi kando yake asilione. Na hiyo ndiyo sababu mapango hayo yaliwafaa wapiganaji wa Mau Mau.

Vita vile, tangu hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, vimeandikwa sana upande wa Nyeri na Murang'a. Vya Meru na Embu vimeandikwa kidogo. Lakini Musa Mwariama wa Meru alikaa msituni mpaka uhuru, akatoka mwezi wa Desemba 1963 bila ya kukamatwa, ilhali Dedan Kimathi alikuwa amekwisha kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Mwariama alifariki mwaka 1989. Mwenzake, Baimungi, aliuawa na majeshi ya serikali mwaka 1965, uhuru ukiwa umekwisha kupatikana. Watu hawa walilala wapi miaka yote hiyo, katika baridi ile? Walilala mapangoni. Na ni nani aliyejua ni pango gani? Hapo ndipo penye maneno.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Tunajua habari za pango la Thawr, alimojificha Mtume (s.a.w.) pamoja na Abubakar kwa siku tatu walipokuwa wakihama kwenda Madina. Hebu tukumbuke waliojua. Alijua Abdallah mwana wa Abubakar, aliyekuwa akileta habari usiku. Alijua Asmaa, aliyewaandalia chakula. Alijua Amir bin Fuhayra, aliyepitisha kondoo juu ya nyayo ili zifutike. Na alijua Abdallah bin Urayqit, kiongozi wa njia aliyekodishwa, ambaye wakati ule hakuwa hata Mwislamu. Pango lilikuwa siri, lakini haikuwa siri ya watu wawili waliokuwa ndani. Ilikuwa siri ya watu waaminifu waliokuwa nje, kila mmoja na kazi yake. Na katika Sura ya Al-Kahf vijana wale walipoamka walimtuma mmoja wao mjini kununua chakula kwa fedha yao, wakamwonya awe mpole wala asimjulishe mtu habari zao. Kisha Mwenyezi Mungu mwenyewe, kwa hekima yake, akawadhihirisha kwa watu.

Ndivyo ilivyokuwa Meru na Embu. Waingereza walitupa mabomu juu ya misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua kwa ndege kubwa kati ya 1953 na 1955, na mapema mwaka 1955 wakaingiza askari wengi mlimani kuupekua msitu. Faida yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na gharama. Kilichowaumiza wapiganaji ni mambo mengine mawili. La kwanza ni kuwahamisha wananchi kuanzia mwaka 1954 na kuwatia katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa, kisha kuwalazimisha wachimbe handaki la maili 50 hivi kandokando ya msitu, lililojazwa vigingi vya mianzi iliyochongwa. La pili ni kuwageuza baadhi ya waliokamatwa na kuwarudisha msituni katika magenge bandia, maana hao walizijua njia. Tazama basi. Serikali yenye ndege na mizinga haikushughulika sana na kulitafuta pango. Iliwatafuta wanaolijua, ikawakatia njia mama wenye vikapu na watoto wenye vibuyu.

Nilipokuwa Meru nilizungumza na mzee mmoja wa Tigania ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kubeba kibuyu. Kazi yake, alinieleza, ilikuwa kupeleka uji mpaka kwenye mti fulani, akauacha hapo, akarudi na mbuzi wake. Pango lenyewe hakuliona mpaka vita vilipokwisha. Dada yake alilijua, yeye hakujua, na hakupata kumwuliza. "Wangenipiga ningesema," akaniambia, "kwa hivyo sikutaka kujua." Nikamwuliza kama angependa pango lile liandikwe katika orodha ya kaunti, wajukuu wapate kuliona na wageni nao wapate kuja. Akanitazama kidogo, kisha akauliza: "Sasa wewe, mwanangu, ukiandika hapo mahali, ni wewe utakuja kupafagia?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani hata wale wanaotengeneza orodha hawana. Maana mambo yanayoyapata mapango yaliyotangazwa yanajulikana ulimwengu mzima. Kule Ufaransa pango la Lascaux, lenye picha za wanyama za maelfu ya miaka, liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa watu mwaka 1948, na mwaka 1963 likafungwa, kwa kuwa pumzi na taa za wageni zilikuwa zinaziharibu picha zilizodumu salama gizani muda wote huo. Walipogundua pango jingine, la Chauvet, mwaka 1994, hawakurudia. Walilifunga, wakajenga mfano wake mahali pengine watu wakautazame huo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1988 inayowakataza maofisa wa serikali kutangaza mahali yalipo mapango yenye thamani katika ardhi ya taifa, isipokuwa kwa idhini maalum. Na hata Makka, nani aliyepanda Jabal Nur asiyeona majina yaliyoandikwa kwa rangi juu ya mawe? Walioandika ni Waislamu wenye mapenzi, waliosafiri mbali kwa ajili ya kupaheshimu mahali pale.

Hapa nchini ni vivyo hivyo. Anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, upande wa Timau, atakuta mapango yenye jina la Shipton, Mwingereza aliyepanda vilele vya mlima ule mwaka 1929. Yamo katika vitabu vya wapanda milima tangu zamani. Sina ugomvi na marehemu, alikuwa mpandaji hodari. Lakini linanichoma jambo moja: pango alilopitia mgeni lina jina na alama kwenye ramani, na pango alimoishi mwananchi miaka kumi akipigania nchi yake halina.

Basi wenye kutaka kutangaza wana hoja, tena hoja nzito, na si haki kuwafanya wote kuwa watu wa tamaa. Husema: kitu kisichoandikwa hakina wa kukitetea. Na sisi Pwani ndio mashahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hoteli ya watalii ilijengwa katika kisiwa cha Chale, huko Kwale, na kisiwa kile sehemu yake ni kaya ya Wadigo. Wazee walijua kuwa ni kaya, lakini karatasi za ardhi hazikujua. Kuanzia mwaka 1992 makaya yakaanza kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa makumbusho ya taifa, na mwaka 2008 baadhi yake yakaingia katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Hayakupona yote, lakini mnyang'anyi wa ardhi sasa hana budi kupambana na sheria. Je, kilima cha Kirimiri kule karibu na Runyenjes, ambacho Waembu hukiheshimu na ambacho husemwa kilikuwa na maficho ya Mau Mau, kingebaki na miti yake kwa heshima peke yake, karne hii ya shamba la robo ekari? Siamini.

Tena kuna hatari za kweli ambazo mtu ana haki ya kuonywa. Katika pango la Kitum, Mlima Elgon, wanamoingia ndovu usiku kulamba chumvi ya mwamba, wageni wawili walipita, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, na wote wawili wakafa kwa homa ya Marburg, ambayo hubebwa na popo. Pango likiwa siri, onyo nalo litakuwa siri.

Lakini hoja hiyo ina upande wake wa pili, na upande huo pia twaujua. Vigango vya Wagiriama vilisimama porini vizazi vingi bila ya mlinzi wala ukuta. Vilipoanza kusifiwa na wageni kuwa ni sanaa, wakaja wanunuzi, na mamia yake yakaishia katika majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa mwaka 2007, na watu wakashangilia. Miaka ishirini na miwili kwa viwili! Pango halibebeki, ni kweli, lakini kilichomo hubebeka: risasi, sufuria, kipande cha blanketi, mifupa. Na sakafu ya pango huharibika kwa siku moja. Pale Panga ya Saidi, Kilifi, wanachuoni walipata kaburi la mtoto wa miaka 78,000 hivi, wakalitangaza mwaka 2021, na ulimwengu ukastaajabu. Walilipata kwa sababu udongo ule haukuwa umefukuliwa na wapumbavu wanaotafuta dhahabu ya Wajerumani, ugonjwa ambao nchi yetu haijapona.

Sasa niseme langu. Naona tunagombana juu ya mambo mawili tukidhani ni moja. Kujulikana kwamba kitu kipo ni jambo moja, na kujulikana njia ya kukifikia ni jambo jingine. Wazee wetu walizitenga habari hizi mbili zamani. Kaya yatangazwa mpaka UNESCO, lakini fingo limezikwa wapi ndani ya kaya? Wajua wazee wachache tu, na hakuna sheria inayowadai waseme. Kaya Kinondo hupokea wageni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakafungwa nguo nyeusi kiunoni, wakatembezwa na kijana wa pale pale, wakalipa, wakaenda zao. Wameona kaya, hawakuona fingo, na hakuna aliyedai arudishiwe fedha zake.

Wameru nao wana hekima hiyo hiyo. Zamani walikuwa na kiongozi wa dini aitwaye Mugwe, na kila mtu alijua Mugwe ni nani na yu wapi. Lakini mkono wake wa kushoto, ambamo waliamini nguvu zake zimo, ulifichwa chini ya nguo. Na leo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee, iko Nchiru, inajulikana na kila dereva wa matatu. Yasemwayo ndani hayajulikani. Nyumba iko wazi na baraza limefungwa, na hakuna aliyeona kuwa mambo hayo yanapingana.

Kwa hiyo simwambii gavana wa Meru wala wa Embu asiandike. Namwambia aandike yote, lakini katika daftari mbili. La kwanza litangazwe: kwamba ardhi ile, kutoka mto huu hadi njia ile, ni ya turathi, haiuzwi, haikatwi, haichimbwi mawe. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yatosha kwa kazi hiyo, na hakuna haja ya kutaja pango liko chini ya mti gani. Daftari la pili, lenye pango lenyewe, majina ya waliolala humo na waliowapelekea chakula, likae kwa wazee wa mahali pale, na nakala yake ifungiwe katika Makumbusho ya Meru, ambayo yapo tangu mwaka 1974. Pango lipelekewe wageni pale tu wenyewe watakapotaka, na pale tu patakapokuwa na mtu anayelipwa mshahara kulifagia. Mzee wa Tigania aliuliza swali la haki. Pasipokuwa na mfagiaji, pasiwe na alama kwenye ramani.

Najua nitaulizwa, na shekhe mmoja amekwisha kuniuliza: Mwislamu ana biashara gani na mahali ambapo watu huchinja mbuzi wakaomba mizimu? Nilimjibu kwa adabu kwamba sikumwomba mtu aende kuomba huko. Ibada ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, hapo hatuna mjadala. Lakini mashimo ya Shimoni tunayatunza kwa ajili ya waliofungwa minyororo ndani yake, bila ya kuuliza walikuwa wa dini gani. Pango la Mau Mau ni hivyo hivyo. Na uaminifu wa kutunza siri ya mtu ni amana, na amana hairudishwi kwa Waislamu peke yao. Bin Urayqit aliaminiwa, naye akatimiza.

Kuna jambo moja linaloniogopesha kuliko orodha za kaunti, na nashangaa halizungumzwi. Wanaosema tuyaache mapango katika siri hudhani siri ingali ipo. Siri huishi kwa watu. Akifa aliyeijua bila ya kumwachia mwenziwe, hakuna siri tena, kuna shimo tu msituni ambalo halimkumbuki mtu, na mchimba mawe atakapolifikia hatakuwa amevunja ahadi ya yeyote. Wapiganaji wenyewe wamekwisha karibu wote. Serikali iliendelea kukipiga marufuku chama chao mpaka mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru, na wengi wakafa na midomo yao imefungwa kwa desturi ya hofu. Uingereza ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 mwaka 2013, ilikuwa kwa sababu ya mateso ya kambini. Mapango hayakuwamo katika kesi ile, na hakuna aliyewauliza.

Waliobaki ni wale wa vibuyu na vikapu. Mtoto wa miaka kumi mwaka 1954 leo amefika themanini. Nao hawamwambii kijana wa ofisini aliyekuja na gari la serikali na fomu ya vivutio. Humwambia mjukuu, wakiwa wamekaa, kwa Kimeru au Kiembu, na kwa vipande vipande. Basi kaunti ikiwa na fedha ya kupiga chapa karatasi za rangi, ianze kwa kuwapa vijana wa Tigania, Imenti, Chuka na Runyenjes nauli na daftari, wakae na nyanya zao kabla ya mvua za masika hazijafunga njia. Karatasi za rangi zaweza kungoja mwaka ujao.